Ubeti wa Ndama

Kwa jirani yangu hapa mjini kuna vijana watatu wenye magitaa mawili. Wakitoka kazini hukaa barazani, asiye na gitaa anapiga makofi, wanaimba mpaka mama mwenye nyumba awaite kula. Sina ugomvi nao, wanajua kupiga. Ila juzi nilisimama pale na ndoo yangu ya maji, nikasikiliza wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho. Wakaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikawauliza, "Huu ni wa nani?" Wakatazamana. Mmoja akasema wameutoa kwenye santuri. Nikamwambia sijauliza mlikoutoa, nimeuliza mwenyewe ni nani. Hawakujua. Wanauimba mwezi wa pili sasa, na hawakuona ajabu yoyote.

Nilirudi ndani nimekasirika, chai ikapoa bila kunywewa. Maana kwetu, ndugu yangu, kuimba wimbo wa mtu bila kumtaja kulikuwa ni wizi, sawasawa na kukamua ng'ombe wa jirani.

Kwetu ni upande wa Ihumwa, na siku ninazosema reli ilikuwa bado haijafika, ila tulikuwa tunaisikia inakuja. Ni enzi ya Mjerumani. Tuliishi kwenye tembe, nyumba ndefu yenye paa la udongo iliyozunguka ua, na ng'ombe wakilala katikati ya ua huo, karibu kabisa na sisi. Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi iliyolowa mvua nasinzia kwa raha. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi yangu, mimi, na mjomba, mtoto pekee wa kiume aliyembakia bibi. Asubuhi nilisaga uwele juu ya jiwe nikiwa nimepiga magoti, bibi akinikosoa mkono. Mchana nilichunga ndama. Tulikula ugali na mlenda, na maziwa ya mgando yakiwepo, na ulipofika msimu wa karanga tulizikaanga tukazitafuna mpaka taya zikauma.

Jua likilegea, kabla ng'ombe hawajarudi, walikuja wapigaji. Usidhani walikuwa watu wa kualikwa kwenye sherehe za wakubwa. Mjomba alikuwa mfugaji tu, na zeze lake alilitengeneza mwenyewe kwa kibuyu na ngozi. Mhunzi wa kijiji alikuja na malimba yake, vile vyuma vyake amevigonga kwa nyundo ileile aliyogongea majembe, na juu ya tundu la ubao amebandika utando wa buibui ili sauti ivume. Wa tatu alikuwa mjane jirani yetu, mpiga ngoma. Alibana ngoma kati ya magoti kama wanawake wa kwetu wafanyavyo, akakaa kimya akisubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kazi. Mjomba akileta wazo la wimbo, kila aliyekuwepo uani aliruhusiwa kutupa mstari wake, hata mtoto. Mstari ukiwa hafifu, mjane hakugusa ngoma. Alikutazama tu, nawe ukatamani ardhi ipasuke. Ukiwa mzuri, aligonga mara moja kwa kiganja, na mstari ukaingia. Wimbo ukikamilika, mwenye wazo aliweka jina lake katika ubeti wa mwisho, jina lake na la baba yake, ili hata ukifika nchi ya mbali watu wajue nani wa kumshukuru au wa kumlaumu. Waliosaidia mistari walijulikana uani, na hiyo iliwatosha. Mjomba hakuwahi kuchukua mstari wa mtu bila kusema mbele ya wote, "Huu kanipa fulani."

Mwaka huo akida alikuwa anakusanya watu. Akida ni mtu aliyeletwa na Wajerumani kutoka mbali atuamrishe kwa niaba yao. Kila nyumba ilitoa mtu wa kubeba udongo wa tuta la reli, na mjomba alikwenda, akarudi mabega yamechubuka. Akaanza kutunga wimbo wa tuta. Ulikuwa mzuri lakini mzito, wa kulalamika. Siku tatu mjane aligonga ngoma bila furaha.

Ndipo akida akaja kwetu kuhesabu watu. Akatupanga mstari juani, wazee kwa watoto, hakuamkia mtu. Ndama wangu mmoja mwekundu, mtundu, akatoka mlangoni akamwendea moja kwa moja. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa akimfuata kila mgeni akidhani ana chumvi. Akida akarudi nyuma hatua moja, akarudi mbili, kisha akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye samadi. Askari wake wakainama kutazama chini. Ndugu yangu, sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu mtoto hujifunza kusimama kwa kushika mkia wa ndama. Mtu mzima anayekimbia ndama hatukuwa tumewahi kumwona, na nikiri kwamba nilifurahi kuliko sikukuu yoyote.

Jioni ile nikatupa mstari wangu. Tuliimba Kigogo, lakini kwa Kiswahili ungekuwa hivi: *Anayetupanga mstari sisi watu wazima, kapangwa na ndama, kiatu kikabaki nyuma.* Mjane akagonga ngoma. Hakugonga mara moja, aligonga mpaka ng'ombe waliokuwa wakiingia wakasita mlangoni. Mhunzi alicheka hadi akaweka malimba chini. Mjomba akanitazama, akasema mbele ya wote, "Huu kanipa mpwa wangu." Nilikuwa na miaka kama tisa, na siku hiyo niliona nimekuwa mtu.

Mhunzi alipomaliza kucheka akawa wa kwanza kuogopa. "Toa jina au toa ndama," alimwambia mjomba. "Hivyo viwili havitakaa pamoja bila kukuumiza."

"Ndama ndiye aliyebeba wimbo," mjomba akamjibu. "Na nikitoa jina, utakuwa wimbo wa kuokota. Mimi sijautupa."

Walibishana siku kadhaa. Bibi aliongeza tu chakula kwenye sahani ya mwanawe, na mimi nilijua maana yake ni kumsihi. Jina halikutoka.

Sasa sikiliza kosa letu, kosa ambalo nadhani sisi tu ndio tungeweza kulifanya. Wabeba udongo waliupenda wimbo. Waliuimba kwenye tuta kutoka asubuhi mpaka jioni, kikundi kimoja kikianza kingine kinapokea, ukaenda mbele pamoja na reli. Walijua ni wimbo wa hatari. Mtu mwingine angeuimba akameza jina. Wao hawakumeza. Kila walipofika ubeti wa mwisho walimtaja mjomba kikamilifu, yeye na baba yake, kwa sababu walikuwa watu waaminifu na hawakutaka kumwibia. Uaminifu huo ndio uliolifikisha jina lake kwenye sikio la akida.

Askari wawili wakaja asubuhi wakamchukua, na zeze lake pia. Tulimfuata mpaka kwenye tuta, bibi, mjane na mimi. Mhunzi tulimkuta huko, alikuwa zamuni. Akida alisimamisha kazi ili watu wote wasikie. Hakuwa mjinga yule mtu. Alisema kwa upole kabisa, "Mimi sina kisa na wewe. Sema huu wimbo uliusikia njiani, na jina lako walikupachika tu. Sema hivyo mbele ya hawa, uende kwenu ukamue ng'ombe wako."

Nilisikia pumzi ya bibi ikisimama. Ilikuwa sentensi moja tu.

Mjomba kwanza akaamkia, "Mbukwenyi," kama mtu anavyoamkia kwetu, akasubiri watu wote waitikie. Kisha akasema, "Bwana akida, hawakunipachika. Nilijiweka mwenyewe, nao wamenibebea salama mpaka kwako."

Hapo ndipo nilipochomoka mikononi mwa bibi. Nikasema kwa sauti kwamba ubeti wa ndama ni wangu, ndama mwenyewe ni wangu, na mimi ndiye niliyemwona akikimbia. Akida akanigeukia.

Mjomba akacheka. "Msimsikilize huyu. Ni mpwa wangu, anapenda sifa mno. Mwaka jana alisema mvua kaileta yeye." Watu wakacheka, askari mmoja pia akacheka, na akida akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Nikarudi kwa bibi nikiwa nimeiva kwa hasira. Mjomba, ambaye hakuwahi kumchukulia mtu hata neno, alikuwa ameninyang'anya ubeti wangu mbele ya kijiji kizima.

Kisha akaimba. Akaimba wote, bila zeze, na ndama akiwemo. Mjane hakuwa na ngoma, akapiga mapaja yake. Wabeba udongo wakaitikia, kwanza wachache, halafu wote, na askari hawakujua wamnyamazishe nani. Alipofika ubeti wa mwisho akataja jina lake polepole, akataja la baba yake, akanyamaza.

Viboko sitavisimulia. Vilikuwa ishirini na tano, kama walivyopigwa wengi enzi zile, na mkono uliovipiga haustahili karatasi yangu. Kesho yake akaunganishwa na kundi la kwenda kujenga reli huko mbele, upande wa magharibi. Bibi alimfungia karanga kwenye kitambaa, mjane akamsindikiza, kijiji kikamsindikiza. Mimi sikutoka. Nilikaa ndani nimegeukia ukuta, kwa sababu ya ubeti wangu. Nilimsikia akisimama mlangoni akiniita, na sikuitikia.

Reli ilifika Tabora ikaendelea mbele. Yeye hakurudi. Hatukuletewa habari yake, hata ya kifo. Mhunzi alichukuliwa vita vilipokuja, kubeba mizigo ya jeshi, naye akapotelea huko. Mjane alizeeka, akafa na ngoma yake ukutani. Tembe letu lilibomoka mvua moja kubwa ilipopita, na nilipokwenda mara ya mwisho mtu alikuwa amelima mtama pale ulipokuwa ua. Wale watu waliokubali kuhatarisha shingo ya rafiki yao kuliko kuiba jina lake hawapo tena, na siwaoni wengine wakizaliwa. Wajerumani nao waliondoka. Akida aliondoka, na jina lake sikumbuki, wala sijisumbui kulitafuta.

Nilikuwa nimeshazaa binti yangu mwenyewe, ana miaka kama tisa na mdomo kama wangu, ndipo siku moja nikiwa nasaga nilielewa mjomba alifanya nini pale kwenye tuta. Nililiacha jiwe, nikalia mpaka mtoto akaogopa.

Nimejifunza kuandika ukubwani, na nimejifunza kwa ajili ya jambo hili. Mjomba alimnyima mtu haki yake mara moja tu maishani, na aliyenyimwa ni mimi, na ngozi ya mgongo wake ndiyo iliyolipa. Basi naandika sawasawa na ilivyokuwa. Ubeti wa ndama niliutunga mimi. Wimbo uliobaki, wote, ni wa Ndahani.