Kaburi la Chuma Nyuma ya Kiwanda

Niliposikia kwamba kuna mama anayefagia lile kaburi kila Jumamosi, nilifurahi. Afadhali niliseme hilo mwanzoni, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyenipeleka mji mdogo wa Iga Barrière ndiye aliyenihadithia, kwa huruma. Mama ni mkimbizi. Mwanawe alipotea wakati wa vita, na watu wakamwambia kwamba siku ya kukimbia wafanyakazi walionekana wakizika mtu nyuma ya kiwanda. Akaja, akaona msalaba usio na jina, akasema ni yeye. Mimi nikawaza: vizuri, sasa hakuna atakayepagusa.

Pale hatukuzika mtu. Tulizika chombo cha kazi.

Nilikuwa fundi katika kiwanda cha kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yaliyosagwa yalichanganywa na maji yakawa uji, uji ukapita ndani ya bomba kubwa. Ili kujua uzito wa ule uji bila kufungua bomba, wenye kiwanda walifunga kando yake sanduku la chuma, dogo kuliko ndoo, lakini zito hata watu wawili walilibeba kwa kuhema. Ndani mlikuwa na punje yenye mionzi, imezungushiwa plomb, ile risasi nzito. Mionzi ilitoka kwenye kidirisha kimoja tu, ikapenya bomba, na mashine ya upande wa pili ikaisoma. Mionzi haionekani wala hainuki, na mtu akikaa mbele yake muda mrefu yaweza kumla taratibu. Ndiyo maana tulifundishwa sheria moja kabla ya nyingine zote: usilitoe sanduku mahali pake kabla hujazungusha mkono wake mpaka kwenye neno FERMÉ, yaani imefungwa, kidirisha kizibike, kisha utie kufuli.

Vita ilipokaribia, wakubwa waliondoka kwanza. Wanunuzi wa mitraille, yaani vyuma vya zamani, walikuwa wamekwisha kuanza kuzunguka ukuta. Niliona wazi mambo yatakavyokwenda: sanduku lingekatwa, plomb ikayeyushwa, na ile punje ikaishia mfukoni mwa mtu au jikoni kwake. Tulibaki wawili, mimi na shoferi wa lori.

"Tulifukie," nikasema.

"Wapi, Fundi?" Akanicheka. "Hapa Djugu watu wanachimba mpaka chini ya kitanda ya bibi zao. Wakiona udongo mupya watasema iko dhahabu."

"Basi tufanye nini?"

"Kaburi. Kaburi hawachimbi."

Tukachimba shimo refu, tukalishusha sanduku, tukapandisha tuta, tukapigilia msalaba wa mbao. Shoferi akavua kofia. "Vua na weye," akaninong'oneza. "Kuko watu kule barabarani. Mufiwa gani anasimama na kofia?" Tukasali sala ya uongo juu ya chuma, kisha tukakimbilia Bunia. Shoferi alifariki miaka michache baadaye, na siri ikabaki kwangu.

Furaha yangu juu ya yule mama haikufika mbali. Siku nyingine dereva yule yule wa moto akaongeza: "Anakaa pale mpaka jua inashuka, muzee. Analaza kichwa juu ya udongo."

Ndipo nilipojiuliza kama siku ile nilizungusha mkono wa sanduku. Kufuli niliikumbuka, hata baridi yake kiganjani. Mkono wa sanduku sikuukumbuka kabisa. Bunduki zilikuwa zikilia na shoferi alikuwa akinihimiza. Kama kidirisha kilibaki wazi, na kama kilitazama juu, basi nilikuwa nimemwekea mama wa watu moto usioonekana chini ya kichwa chake. Na bado nikanyamaza. Niliogopa maswali ya serikali. Nilijiambia udongo ni mwingi, mama atachoka, mtu mwingine atasema.

Mvua za mwaka huu zilinishinda. Zilipobomoa vilima mpaka barabara ikafungwa, niliwaza tuta letu likisombwa na sanduku likitokeza. Nikaenda kwenye ofisi ya serikali nikasema yote. Baada ya majuma kadhaa akaja mtaalamu wa mionzi, mwanamke kijana aliyekulia Kisangani.

"Mulifunga, papa?"

"Madame, sikumbuki."

Hakunikaripia. Ningependa anikaripie.

Nilimwomba twende Jumamosi, maana nilijijua: siku nyingine yoyote ningeomba wengine wamwambie yule mama. Tulimkuta ameketi juu ya tuta, ufagio miguuni. Mtaalamu alituzuia sote mbali, mimi na vibarua wake wenye majembe, akamwita.

"Mama, tafazali, toka pale kwanza."

"Nitoke niende wapi? Iko mutoto yangu hapa."

Alipoona majembe akasimama. "Munataka kumufukua?"

Nikasogea mbele. "Mama, hapa hakuna mutoto yako. Hakuna mutu. Siye tulificha chuma ya kiwanda, chuma yenye hatari, tukaweka musalaba watu wasichimbe."

Akanigeukia. "Weye ulijua kama nakuja hapa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uliopita."

"Na ulifikiri nalilia nini? Misumari?"

Akaokota ufagio wake, akatupita, akaenda kusimama barabarani.

Mtaalamu alikwenda polepole na kifaa chake cha kupimia mkononi. Kilikuwa kikilia tik, tik, kama kilivyolia tangu tulipotoka Bunia. Akakiweka juu ya udongo, pale palipokuwa na alama ya kukaliwa. Tik. Tik. Hakikuongeza mwendo, kama ambavyo kingefanya penye mionzi mingi. Wakachimba kwa uangalifu, akipima kila walipoteremka, mpaka jembe likagonga chuma. Alisafisha udongo, akafuta sanduku kwa kitambaa na kukipima kitambaa hicho aone kama kuna kilichovuja, kisha akaniita.

"Njoo uone kazi yako, papa."

Mkono ulikuwa kwenye FERMÉ. Kufuli ilikuwa imeliwa na kutu, lakini bado imeshika. Akili yangu ilikuwa imekwisha kukimbia siku ile, lakini mikono ilibaki ikafanya ilivyofundishwa. Nikakaa juu ya udongo ule nikicheka na kulia kama mlevi.

"Na mimi?" mama akauliza kutoka barabarani.

"Uko muzima, Mama," mtaalamu akamjibu. "Ilifungwa vizuri, hakuna kitu kilitoka. Hata ingekuwa wazi, udongo huu ungezuia sehemu kubwa. Ukitaka, hospitali ya Nyankunde watakupima damu, roho yako itulie."

Mama akasogea karibu. Akatazama lile shimo. "Basi sijamuzika," akasema.

Nilianza kuomba msamaha. Akainua mkono. "Ngoja, muzee. Pole yako nitapokea siku ingine. Leo niko na kazi."

Sanduku likatiwa ndani ya pipa lenye kuta nene, likatangulia kwa gari lake. Sisi tukafuata kwa jipu, mama kando yangu, ufagio magotini. Tulipofika Iga Barrière, mama akamwambia dereva asimame.

"Tangu nione ule musalaba, sijauliza mutu tena," akaniambia. "Umeelewa? Niliacha kuuliza."

Nilielewa. Hilo hakuna kifaa ambacho kingeweza kulipima.

Akashuka, akawaendea wanawake waliokuwa wakiuza unga na wapakiaji wa malori ya Mahagi. Nilimsikia akieleza: kijana mrefu, anakamata kijiko na mukono ya kushoto, kovu juu ya jicho. Kisha akageuka, akaniona bado nimeketi garini.

"Weye uko unangoja nini? Uliza kule ngambo ingine."

Nikashuka, nikavuka barabara, nikaanza na mshona viatu.