Nilivyopanda jukwaani kumtunza mpiga inanga Bujumbura, wimbo ukakatika

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi, japo kuna sehemu natamani ingekuwa chumvi.

Mimi ni mtu wa Kigoma, napeleka mizigo bandari ya Bujumbura. Hukohuko nikapata mchumba, tumwite Nadine.

Shida ilikuwa baba yake. Mwaka mzima hakusema ndiyo wala hapana. Wazee wangu walishaanza kuniuliza kama huyo binti ana wazazi kweli.

Safari hii mzee akaagiza niende kwenye tamasha la inanga, Kajaga, pale ufukweni. Yeye mwenyewe angepiga. Nadine akanitonya kwamba jibu lingetoka siku hiyo.

Shati nilipiga pasi mara mbili.

Kwa msioijua, inanga ni kinubi cha Warundi. Ubao mrefu umechongwa shimo, nyuzi zimelazwa juu yake, mpigaji anaupakata.

Watu walichangamka balaa. Ngoma zilifungua, mishikaki inafuka moshi, kina mama wanacheza wamenyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe. Nami nikajimwaga, stress zote nikasahau.

Ikafika zamu ya mzee. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kupiga, na badala ya kuimba akawa ananong'ona. Uwanja mzima kimya.

Sasa mimi ule ukimya niliutafsiri kibongobongo. Nikajua mzee kakosa mashabiki, na hapa ndipo pa kujipendekeza. Nikachomoa noti, nikapanda jukwaani nakata mauno, napiga miluzi, nikambandika ile noti kwenye paji la uso, kama tunavyowatunza waimbaji wetu kwenye harusi.

Mkono wa mzee ukasimama. Noti ikadondoka kwenye nyuzi.

Nadine akanifuata hadi pembeni ya jukwaa. Hata usoni hakunitazama.

"Hii banasikilizaka na kimya," akaniambia. "Ukifanya bruit, makelele hii, maneno yote inapotea. Shuka, tafadhali."

Nikajua nimekwisha. Nilianza kupanga maneno ya kuwaambia wazee nyumbani.

Nageuka nishuke, mzee akanidaka mkono. Akanionyesha nikae chini, karibu na miguu yake, kisha akaanza upya.

Kirundi changu ni cha kuombea maji tu. Nilikaa pale jasho linanitiririka, nimekodolea macho viatu vyake. Akanong'ona, akanong'ona, halafu katikati nikasikia, "umukwe wanje".

Wakuu, hilo halihitaji mkalimani. Mkwe wangu.

Watu wakacheka chinichini, kwa adabu, wasiuharibu wimbo tena. Mimi nikainamisha kichwa nikalia, mwanaume mzima, mbele za watu. Ule mzigo wa mwaka mzima uliniteremka palepale.

Baadaye Nadine akanieleza mstari wenyewe ulivyokwenda: mkwe wangu ana haraka, ameniletea karatasi, ng'ombe amewaacha wapi?

Funzo ni kwamba ukifika kwa watu, tulia kwanza uone wenyewe wanafanyaje. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nusura nimuue mwenyeji.

Mliooa Burundi, shukeni hapa chini mnisaidie. Ng'ombe wanapelekwa kwa miguu yao kabisa, au bahasha inatosha? Wazee wangu wanavuka Jumamosi.