Barua ya Kupeleka Katsepy

Asubuhi moja, kwenye kivuko nilichopanda kwenda Katsepy, mama mmoja Mkomoro alikuwa amempakata binti yake mgonjwa. Mkononi alishika barua ya Kifaransa aliyopewa na daktari mjini Mahajanga, Madagaska, ampelekee muuguzi wa ng'ambo. Kifaransa hakijui, na daktari hakumwambia kitu.

Akamwomba bwana mmoja mwenye miwani amsomee. Bwana akasoma, akamtazama mtoto, akaikunja barua na kuirudisha. "Muuguzi atakueleza," alisema, kisha akampa mtoto chungwa. Mwanamke aliyeketi jirani naye akapewa, akasoma. Akavua mtandio wake, akamfunika mtoto miguu, akaenda kusimama nyuma kabisa.

Abiria wengine wakageuza nyuso baharini. Mtoto peke yake alikuwa akicheka na chungwa lake.

Mama akanigeukia. "Kila anayesoma anampa mwanangu kitu," alisema polepole. "Wewe usimpe kitu. Nisomee."

Nikasoma kimoyomoyo mpaka mstari wa mwisho: "Mzazi ameshaelezwa yote."

Huwa nawasema sana madaktari katika safu hii. Wiki hii nawaacha, maana nilijikuta nimeshatia mkono mfukoni, natafuta peremende.