Paa ya Bashi ku Motokari Nyekundu

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, mukae vizuri kwanza, muache kuchekacheka. Mimi nilisoma miaka mbili tu kwa wamasista: kusali, kushona, kuandika jina yangu. Lakini kuna siku nilihukumu motokari ya muzungu mbele ya wazungu wenyewe, hapa Bukavu, wakati wa Wabeleji. Ninaandika juu munasemaga koko, bibi yenu, hajui kitu cha vyuma.

Bwana yangu alikuwa anafanya kazi ku garaji moja ya mujini. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mabati ya motokari zenye zimegongwa. Mimi nilikuwa nashona nyumbani, Kadutu, ku mashini ya mukono, chini ya mabati yenye ilikuwa inavuja. Mvua ikinyesha, nilikuwa nasukuma mashini huku na huku kama mutu anafukuza kuku. Kila mwezi bwana yangu anasema, "Nitaitengeneza." Bon.

Muzungu mumoja, mwenye mashamba ya kahawa upande wa Minova, alikuwa na motokari nyekundu ya mbio, fupi, milango mbili, chini sana. Muti wa mukaratusi ukaiangukia, paa ikalala ku viti. Patro, mwenye garaji, akamwambia, "Usiagize paa ingine Ulaya. Tutaikata, tutakufanyia dekapotable." Maana yake motokari yenye unaifungua juu kama sanduku, na mvua ikikuja unaifunika na bashi, ile nguo nzito ya kufunika mizigo ku kamio. Tena patro akaiandikisha ku mashindano ya motokari nzuri, yenye wazungu walikuwa wanafanya chini ku ziwa siku ya Mungu, misa ikiisha.

Akaita bwana yangu. "Ikipendeza, utakuwa mukubwa wa atelier, utasimamia wafanyakazi wote. Wazungu wakinicheka, utarudi ku kilima chako kulima muhogo."

Bwana yangu akakata paa. Kesho yake milango ikakataa kufunga. Paa ndiyo ilikuwa inashika motokari mugongo. Alipoitoa, tumbo ikashuka. Alikuja nyumbani hakula. Siku tatu ikipita akapata vyuma viwili vya reli ndogo, vile vya vigari vya mine, kule wanachimba zahabu, vilitoka upande wa Luhwindja. Akavilaza chini ya milango, akavichomelea. Milango ikafunga.

Halafu akaniletea bashi. "Mama, shona. Na ukimaliza, wewe ndiye utaihukumu kwanza, kabla ya wazungu."

"Nikisema mubaya, utakasirika?"

"Nitakasirika. Lakini useme."

Nikashona. Nikaenda ku garaji na beseni yangu ku kichwa. Wafanyakazi wakacheka: "Mama, unakuja kufua motokari?"  Sisi wanawake hatununui chungu kikavu. Unamwaga maji ndani, unangoja, unapapasa chini na mukono. Nikamwaga maji juu ya bashi. Maji ikaingia nyuma, mustari muzima, ikalowesha viti. Kosa ilikuwa yangu. Nilikuwa nimelaza kipande cha chini juu ya kile cha juu, na mutu yeyote mwenye amefunika nyumba na nyasi anajua ya juu inalala juu ya ya chini. Nikachukua wembe, nikapasua mushono wote palepale. Bwana yangu akasema, "Hata kidogo hauhurumie?"

"Nani atahurumia wewe ukirudi kulima?"

Ya pili haikuvuja. Lakini ilipokauka, ilijikunja ikakuwa fupi, vifungo havikufika ku matundu yake. Nikasema, "Mubaya." Akatupa nyundo. Mimi nikarudi nyumbani. Mara ya tatu nililoweka bashi kwanza mu pipa, siku mbili, nikaianika, ndipo nikakata. Kila mushono niliupaka nta ya nyuki. Nikamwaga beseni tano. Nikapapasa viti. Nikasema, "Sasa iko motokari."

Siku ya mashindano, sisi weusi tulisimama inje ya ua wa maua. Bwana yangu tu aliingia, na overoli safi, juu ya kupanguza vumbi. Mukubwa wa kuhukumu alikuwa muzee mumoja wa kizungu, alifanya kazi zamani ku mine, mwenye alikuwa anaongea Kiswahili sawa sisi. Alipita ku zile motokari zingine haraka. Ku ile nyekundu akasimama. Akaomba kriki, akainua gurudumu moja ya mbele, juu kabisa, aone kama motokari itajipinda, ndipo akafungua mulango na kuufunga na vidole viwili. Tak. Akafanya ule mungine. Tak. 

Kisha muzee akashika bashi. "Vyuma, ndiyo. Lakini hii nguo iko ya urembo tu. Mvua ya Bukavu itapita kama ku kichujio."

Wazungu wakacheka. Shingo ya patro ikakuwa nyekundu kupita motokari, akaangalia bwana yangu na macho ya kumufukuza. Na bwana yangu, mwenye mudomo mukubwa nyumbani, akaendelea kupanguza vumbi.

Nikaita juu ya maua: "Bwana! Uliihukumu kavu!"

Wanawake wakanivuta kitambaa. "Mama, nyamaza, watatufunga!"

"Nani huyu?" muzee akauliza.

"Ni mimi nilishona. Ingia ndani, ufunge. Nitamwaga maji. Ukilowa hata kofia, bwana yangu atarudi kulima leo, na mimi nyuma yake."

Patro akapiga kelele: "Toka hapa!" Muzee akainua mukono. "Acha. Lete maji."

Akaingia, magoti yakafika ku ndevu. Nikageuka kwa wanawake. Wale wenye walikuwa wananivuta ndio walishuka wa kwanza. Wakapanga mustari toka ziwa, beseni inapita mukono kwa mukono, na mimi wa mwisho ninamwaga. Ya kwanza. Ya pili. Mama mumoja anapiga kelele, "Muoshe vizuri, hakuoga asubuhi!" Ya saba, wamama wa kizungu walikuwa wamesimama ku viti vyao wapate kuona.  Maji inatiririka kandokando, na mimi ninaendelea kumwaga.

Ndipo moshi ukatoka ku upenyo wa dirisha. Wakasema motokari inaungua! Mulango ukafunguka, muzee akatoka na kiko yake mu kinywa, inawaka. Akainua kiberiti juu watu wote waione.

"Kikavu," akasema.

Vigelegele vyenye wale wanawake walipiga, nafikiri ng'ambo ya ziwa walivisikia. Kikombe kilipewa yule wa Minova, na ku karatasi waliandika jina yake, siyo yetu. Lakini muzee alimupa bwana yangu mukono mbele ya watu, akanipa na mimi, mukono wangu ungali unatiririka maji. Patro alisema palepale, hakungoja kesho: mukubwa wa atelier.

Tulipanda Kadutu tunaimba. Nyumbani mashemeji walijaa, watoto wanarukaruka, bwana yangu ku kiti anaelezea mara ya nne jinsi *yeye* alimwambia muzee aingie. Nilimuacha aseme. Halafu tone moja ya maji, ya mvua ndogo yenye ilipita mashindano ikiisha, ikaanguka toka ku mabati yetu, *to*, juu ya mashini yangu.

Nikasimama. "Munyamaze wote. Mukubwa wa atelier, vua hiyo shati, chukua nyundo, panda juu ya nyumba. Ninyi wengine, kila mutu na beseni yake, muende kuchota maji."