Furu wa Darasa la Tano

Mjukuu wangu wa Buhongwa kanunua tangi la samaki, na Jumapili nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amenuna. Samaki wake wanakufa. "Bibi, sielewi. Naliosha kila siku! Ona maji yalivyo safi." Nikaangalia. Maji yalikuwa yanang'aa kweli, na samaki wawili waliobaki walikuwa juu kabisa, wanahema midomo wazi. Nikacheka mpaka akakasirika. Nisamehe na wewe, msomaji wangu, lakini kichekesho hicho nilikwisha kukiona zamani, katika shule yetu ya msingi kando ya ziwa, upande wa Kigongo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Shule ilikuwa na shamba la pamba, banda la kuku na mchakamchaka wa alfajiri, na kila kitu kilikuwa chetu sote. Mwalimu wetu wa sayansi, Mhaya mrefu aliyefundisha kama anayehutubia mkutano, aliomba vioo vilivyoletwa kwa ajili ya madirisha ya ofisi. Fundi akaviunga kwenye fremu ya chuma, tukapata tangi. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande, maana siku zile kioo kilikuwa adimu kama sabuni.

Tukaenda ziwani na kipande cha chandarua, tukarudi na furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Usiwadharau furu. Nyumbani tuliwala karibu kila siku wakiwa wamekaushwa, na sikuwahi kuwatazama usoni. Ndani ya kioo ndipo nilipoona kuwa dume lina mgongo mwekundu na mbavu za buluu. Niliwapenda vibaya sana. Niliacha kabisa kula furu, bibi yangu akaniuliza kama naumwa.

Sasa sikia tulivyowatunza. Kwetu mgeni hakai na njaa, hivyo kila mtoto alikuja na tonge lake la ugali wa jana, tukawarushia. Hawakuweza kumaliza, ugali ukazama chini ukavimba. Na kwa kuwa ukaguzi wa usafi ulikuwa kila asubuhi, watoto wa zamu walimwaga maji yote, wakalisugua tangi kwa mchanga na majivu mpaka likalia ukilipitishia kidole, kisha wakajaza maji mapya. Furu wakaanza kufa. Tukaongeza ugali, tukaongeza kusugua. Wakazidi kufa.

Mwalimu mkuu alikuja, akatazama mzoga ulioelea, akasema, "Mwalimu, nakupa mpaka shule ifungwe. Wakifa na hawa, vioo vyangu vinakwenda dirishani." Nililia mbele ya darasa zima bila aibu.

Mwalimu wa sayansi alitukusanya. "Samaki anakojoa humo humo anamopumulia," alisema. "Na ugali wenu unaoza humo humo. Inatoka amonia, ile inayowachoma pua kule chooni. Samaki inawachoma mashavu wanayopumulia, hata kama ninyi hamsikii harufu." Ziwani, alituambia, kuna vijidudu vinavyoila amonia, vimeng'ang'ania mawe na mchanga. Katika tangi jipya bado havijazaliana, na vichache vilivyoanza sisi tulikuwa tunavisugua. Akapiga marufuku ugali na majivu. Kila siku tukawa tunachota maji kidogo na kurudishia kidogo. Lakini vijidudu vingechelewa kujaa, na furu wetu walikuwa bado juu, wanahema.

Jioni ile nilimkuta bibi anatengeneza maziwa mgando. Alikuwa na kibuyu kipya, na kabla ya kutia maziwa alimimina humo kidogo kutoka kibuyu cha zamani, kile cheusi chenye harufu ya moshi. Nikamuuliza kwa nini.

"Kibuyu kipya hakijui kazi," alinijibu. "Huyu mzee anakwenda kukifundisha."

Asubuhi nilinyoosha mkono kabla hata mwalimu hajafuta ubao. "Mwalimu, tangi letu ni kibuyu kipya!" Darasa likaangua kicheko. Nikaeleza. Yeye hakucheka, aliweka chaki chini, akapiga paja lake kwa furaha. "Darasa zima, ziwani!"

Tulibeba mawe yenye utelezi wa kijani, mchanga na majani machache yaotayo chini ya maji, vyote vikiwa ndani ya ndoo ya maji visikauke. Tangi likawa chafu la kutia aibu. Nikapewa ulinzi, na nikwambie, kuzuia darasa zima lisitupie wageni ugali ni kazi kuliko kuchuma pamba. Siku zikapita, furu wakashuka chini. Dume likaanza kufukuza kivuli chake kwenye kioo. Jike moja tu ndilo lilinitia hofu, maana liligoma kula na kidevu kikavimba.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu aliingia na fundi, nyundo mkononi. Tukasimama. "Shikamoo, mwalimu!" Kabla hajaitikia, jike likafungua mdomo, wakatoka watoto, wadogo kama punje za ulezi zenye macho. Mwalimu mkuu akainama karibu, wote wakarudi mdomoni mara moja.

"Kawameza?" aliuliza, kashtuka.

"Kawaficha," nikasema. "Anakuogopa wewe, mwalimu."

Kisha yule mzee mkali akanyooka taratibu. "Marahaba," akasema. "Fundi, nenda nyumbani. Hawa wameshahamia." Tulipiga kelele mpaka darasa la kwanza wakatoka nje wakidhani kuna nyoka. Walinibeba mabegani kuzunguka mlingoti wa bendera, na ofisi ikabaki na madirisha ya mbao. Wageni wakija, aliyetangulia kuwaeleza habari za amonia alikuwa mwalimu mkuu.

Bibi yangu ametangulia mbele ya haki, na kile kibuyu sijui kilipasukia wapi. Sangara, wale samaki wakubwa walao wenzao, walipojaa ziwani, furu wetu wa mgongo mwekundu wakapotea. Nimeuliza kila mwalo wa kushushia samaki ninaopita, na vijana wananitazama kama nimetunga hadithi. Inaniuma, sikufichi.

Lakini Jumapili ile nilimpeleka mjukuu wangu ziwani, nikamchagulia jiwe lenye utelezi na kumwambia akithubutu kulisugua asiniite bibi tena. Jana amenipigia simu. "Bibi, wameshuka chini! Wanakula!" Nikapiga kigelegele, peke yangu sebuleni, kwa ajili ya samaki wake na wale wangu.