Gauni Lililompandisha Mama Mkubwa Ndege

Kabla ya kugusa kazi ya leo, Mama Pindo ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta, anainusa, kisha ananawa tena. Fundi baiskeli wa duka la jirani amekuja kushonewa mfuko wa ovaroli uliochanika, lakini haruhusiwi kuvuka kizingiti.

"Simama hapo hapo na grisi yako," anaambiwa. "Humu ndani kuna bibi harusi."

Fundi baiskeli anachungulia. Haoni mtu. Ukutani kunaning'inia kitu kilichofunikwa kwa shuka safi, na kutoka chini ya shuka kimejitokeza kipande cha kitambaa cheupe.

"Mbona hana miguu?" anauliza.

"Miguu yake iko ng'ambo. Nampelekea kiwiliwili."

Kicheko kinasikika mpaka kwa muuza mkaa. Ndivyo zinavyoanza asubuhi nyingi siku hizi katika chumba hiki chenye mlango wa bati wa buluu, cherehani ya kukanyaga, pasi ya umeme na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja umefungwa matambara. Mama Pindo, fundi cherehani na mjane, anajiandaa kumwoza binti yake wa pekee katika nchi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga.

Jina lake la utani limetokana na kazi. Ndani ya kila mshono huacha kitambaa cha ziada, amekikunja na kukificha, ili nguo iweze kuongezwa baadaye.

"Mtoto anakua, mtu mzima ananenepa, na wote wanamlaumu fundi," anasema. "Mimi nawaachia pindo. Wakirudi wanalia, nafumua, nashona upya, wanaondoka wanacheka."

Kipato chake hakina pindo kubwa hivyo. Wiki ikiwa nzuri anashona sare za shule kumi na mbili. Ikiwa mbaya, anaishia kwenye zipu na vifungo. Theluthi ya anachopata inakwenda kwenye kodi ya chumba hiki.

Binti yake anafanya kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko ndiko alikokutana na mchumba wake, fundi umeme aliyetoka nchi nyingine tena. Kuwaleta watu wa pande zote mbili hapa ingekuwa gharama, kuwapeleka kwa kina mkwe ingekuwa gharama zaidi, na likizo za maharusi hazizidi siku chache. Wakakata shauri: harusi itafanyika huko huko wanakofanya kazi, kwenye bustani ya hoteli ndogo, wageni thelathini, siku ya Jumanne.

Jumanne iliwashtua wengi. "Harusi Jumanne, kama mtihani!" alilalamika mjomba wa binti kwenye kikao cha familia. Akaelezwa kwamba katikati ya wiki bustani hukodishwa nusu ya bei ya Jumamosi, na tiketi za ndege nazo hushuka. Mjomba akakubali, ila miwani ya jua aliyokwisha kuinunua kwa ajili ya safari hakuivua, japo kikao kilikuwa ndani ya nyumba.

Maharusi walijitwisha ukumbi, chakula na malazi. Nauli ilikuwa ya kila mtu na mfuko wake. Hapo ndipo ndugu waliokuwa wameshajipanga kubeba mizigo, kupiga picha na kuongoza nyimbo walipoanza kukumbuka shughuli zao nyingine, mmoja baada ya mwingine.

Mama Pindo alikuwa amejiwekea utaratibu. Katika kila sare nne, malipo ya moja hayakuguswa. Haba na haba hujaza kibaba, na baada ya mwaka na nusu kibaba chake kilijaa tiketi moja ya kwenda na kurudi.

Tatizo lilikuwa hilo neno "moja."

Binti huyu ana mama wawili. Alipokuwa mdogo, Mama Pindo alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo katika mji wa mbali, na kwa miaka saba alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi tu. Aliyebaki akimwogesha mtoto, akimsuka na kumkimbiza kwa fimbo alipokataa kunywa dawa, ni dada mkubwa wa Mama Pindo, mpishi wa shule ambaye sasa amestaafu. Mama mkubwa hana mtoto wa kuzaa. Ana huyu.

"Nilimwambia dada, nenda wewe," anasimulia Mama Pindo. "Akasema, nenda wewe, uliyemzaa. Nikasema, nenda wewe, uliyemlea. Tukagombana kwa adabu karibu mwezi mzima. Kila mmoja anamsukumia mwenzake ndege."

Mama mkubwa, aliyeketi kwenye kiti chenye mguu wa matambara akimenya chungwa mbali na gauni, anaongeza lake. "Mimi nilisema nitaangalia picha. Lakini nilikuwa nadanganya. Nilikuwa nalia bafuni, namwaga maji ili asisikie."

Suluhisho lilikuja kwa simu, na aliyelileta hakujua. Binti alikuwa akimsomea mama yake gharama zilizobaki: maua, keki, viti, gauni la kukodi kwa siku moja.

"Hebu rudia hapo kwenye gauni," mama akamwambia.

Binti akarudia. Mama akakaa chini. Bei ya kulikodi gauni lile kwa siku moja ilikuwa sawasawa na tiketi ya ndege.

"Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako," akamwambia. "Hilo gauni lifute. Nalishona mimi. Hizo hela mkatie mama yako mkubwa tiketi."

Siku hiyo, wanasema majirani, akina dada hawa wawili walicheza katikati ya barabara bila muziki wowote. Mama Pindo hakanushi. "Muziki wa nini? Tulikuwa na tiketi mbili."

Tiketi ikakatwa. Pasi ya kusafiria ya mama mkubwa ikaombwa, na ilibidi apigwe picha mara mbili, maana ya kwanza ilikataliwa. Sheria inataka uso uliotulia, na yeye alishindwa kabisa kuzuia meno yasionekane.

Kisha furaha ikaingia doa.

Binti alijipima mwenyewe huko aliko na kutuma vipimo. Mama akakata kitambaa, akashona gauni, na kwa usalama akashona pia la majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi, vipimo vile vile, akampa msafiri mmoja amfikishie. Jioni ya siku lilipofika, wakapigiana simu ya video. Binti akalivaa, akageuka. Mgongoni, pande mbili za gauni hazikukutana. Pengo lilitosha kupitisha vidole vitatu.

"Mama, nimenenepa," binti akasema, na sauti ikaanza kukatika. "Kuanzia leo sili usiku."

Gauni la kukodi lilikuwa limeshafutwa, na la pili lisingeweza kulipiwa. Mama mkubwa akajitolea tena, safari hii bila mzaha. "Rudisheni tiketi yangu. Mtoto akodi gauni."

Lakini tiketi ile ilinunuliwa kwa bei ya chini, na za namna hiyo hazirudishwi. Mama Pindo anakiri kwamba kwa dakika kadhaa aliona giza. Miaka yote hii hajawahi kukosea gauni la harusi, na sasa amekosea la mwanawe.

Aliyegundua kosa ni mama mkubwa, ambaye hajui hata kutunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Alikuwa ameisogelea simu mpaka pua inagusa kioo.

"Hebu we mtoto. Hicho ulichovaa shingoni ni nini?"

Ilikuwa futi kamba ya kupimia, kuukuu, yenye doa la wino kwenye ncha. Ni ya Mama Pindo mwenyewe. Binti aliichukua siku aliyosafiri, awe na kitu cha mama cha kushika akizidiwa na upweke, na ndiyo aliyojipimia.

Mama Pindo akajipiga kofi kwenye paji la uso. Futi ile ilivutwa kwa miaka mingi hata ikarefuka, na futi iliyorefuka husema kiuno ni kidogo kuliko kilivyo. Mikono yake ilikuwa imeshaizoea. Alipopima nayo aliongeza kidogo bila hata kufikiri. Binti alipoondoka nayo, mama alinunua mpya, akakata gauni kwa mpya. Kila mmoja alipima sawa, kwa futi yake.

"Hujanenepa, mwanangu!" akapiga kelele. "Nenda kale!"

Na gauni lenyewe? Mama Pindo analifunua shuka sasa, kwa ncha za vidole, na kuligeuza gauni ndani nje. Pande zote mbili za ubavu kuna kitambaa cheupe kilichokunjwa, upana wa vidole viwili. Lile pindo lake. Hajawahi kushona nguo bila hilo, na hakuanza kwa binti yake.

Ubavu wa kulia ameshaufumua na kuushona upya mwenyewe, kwa mkono. Mshono umenyooka. Wa kushoto ni hadithi nyingine. Unakwenda, unayumba, unarudi, mahali pengine sindano imeruka kabisa.

Alimpa dada yake aushone. Dada alikataa, akaapa, akasema ataharibu. Mdogo mtu akamtungia uzi na kumwekea sindano mkononi.

Anapoulizwa kama ataufumua na kuunyoosha kabla ya safari, Mama Pindo anaacha kucheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

"Nifumue? Miaka saba mimi sikuwepo," anasema. "Upande huo ni wa kwake. Haufumuliwi."

Wataondoka Jumamosi, gauni likiwa mapajani kwa zamu. Siku ya Jumanne wamepanga kumsindikiza binti bustanini wote wawili, mmoja huku, mmoja huku.

Mama mkubwa anafuta mikono yenye chungwa kwenye kanga yake, macho yamemjaa, meno yote nje kama kwenye ile picha iliyokataliwa.

"Mimi nitashika kushoto," anasema. "Niuzibe mshono wangu kwa mkono."