Jiwe la Jirani Kwenye Mstari wa Mbio

Miaka ile ya foleni, jirani yetu alijulikana kwa jiwe lake, tumbawe dogo lililofungwa uzi mwekundu, aliloliweka kila alfajiri mlangoni pa duka la ushirika limshikie nafasi ya sukari. Hata siku ya mbio za kuchangia wodi ya watoto, pale Raskazone, alilitua kwenye mstari, akajipanga nyuma yake na binti yake na wajukuu. Watu wakacheka. Filimbi ilipolia alilifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kutembea, kandambili mkononi, binti na wajukuu wakimfuata. Wenzao walikwisha kufika zamani gari la waandaaji lilipowakuta njiani.

"Mama, pandeni, mbio zimekwisha."

Hakugeuza hata shingo.

"Nimesimama kwenye foleni miaka minane, mwanangu. Leo nasogea. Niache nisogee."